Edward Steere: Meza ya Kazi Mbele za Mungu

Mafungu ya kusoma kwa somo hili: Kut. 31:1–17; Kum. 5:12–15; Mhu. 9:10, 11:4–6, Yer. 29:4–7, Dan. 1:3–20, Mdo. 18:1–4, Kol. 3:22–4:1, Yak. 5:4.

Mvua za masika zinapochelewa, swali lile lile hurudi katika nyumba zetu za Ngombezi. Mzazi anajiuliza kama kuna maana ya kununua madaftari wakati debe la mahindi limepanda bei. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaona kwamba vitabu ni vya watu wenye nafasi, naye hana nafasi. Mama anayekata mkonge tangu alfajiri anarudi jioni mgongo ukimuuma. Anajihesabu kuwa siku hiyo hakumtumikia Mungu, kwa kuwa hakupata dakika ya kufungua Biblia wala nguvu ya kwenda kwenye kikundi cha maombi.

Hivyo tunaigawa wiki mafungu mawili. Sabato tunampa Bwana, na siku sita tunawapa tumbo na madeni. Shida zikizidi, kitu cha kwanza kuwekwa kando ni kujifunza. Tunasema tutasoma hali ikitengemaa.

Juma hili tunaangalia maisha ya mtu ambaye hali haikumtengemalia hata mara moja, lakini hakuacha kusoma wala kufanya kazi. Naye hakuona kwamba akiwa kazini yuko mbali na ibada. Mtu huyo ni Edward Steere, aliyefariki Unguja mwaka 1882. Hakuwa Mwadventista. Alikuwa kasisi na baadaye askofu wa Kanisa la Anglikana, na katika jambo la Sabato na mafundisho mengine kadhaa njia yake na yetu ni mbili. Lakini kila mmoja wetu anayefungua Biblia ya Kiswahili siku ya Sabato anakula tunda la mti ambao yeye alikuwa mmoja wa walioupanda. Nasi watu wa Korogwe na Handeni tuna deni jingine kwake, ambalo wengi hatulijui.

Mwanasheria aliyekunja mikono ya shati

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828, miezi michache tu baada ya Ellen White kuzaliwa upande wa pili wa bahari, Marekani. Alisoma katika chuo kikuu cha jiji hilo, akapata shahada ya juu ya sheria mwaka 1850, na mwaka huo huo akakubaliwa kuwa wakili. Alikuwa na umri wa miaka 22. Njia ya cheo na fedha ilikuwa wazi mbele yake.

Hakuifuata. Mwaka 1856 aliingia katika kazi ya kanisa, na baada ya muda akapelekwa Lincolnshire, pwani ya mashariki ya Uingereza, katikati ya wavuvi na wakulima. Watu wa huko walimkumbuka kwa mambo mawili. Kwanza, alihubiri Biblia waziwazi. Pili, alikuwa mtu wa kukunja mikono ya shati na kufanya kazi pamoja nao. Msomi yule hakuogopa kuchafua vidole. Alipenda vitabu vigumu vya falsafa na theolojia, na pia alifahamu kazi ya kupanga herufi za risasi na kuendesha mtambo wa kuchapa.

Tuangalie jambo hili vizuri, kwa sababu huku kwetu mara nyingi elimu na jembe havikai nyumba moja. Mtoto akisoma sana tunategemea aache jembe, na mwenye jembe tunamwona hana haja ya kitabu. Katika Maandiko havikutenganishwa hivyo. Bezaleli, aliyetengeneza vyombo vya hema ya kukutania, alikuwa fundi wa dhahabu, shaba, mawe na mbao, na Mungu mwenyewe alimjaza Roho wake kwa ajili ya ufundi huo (Kut. 31:1–5). Mtume Paulo alisoma kwa mwalimu mkubwa wa Yerusalemu, na bado kule Korintho aliketi na Akila na Prisila akishona mahema (Mdo. 18:1–3).

Nyakati zilizokuwa ngumu

Rafiki yake, William Tozer, aliyekuwa kasisi katika eneo hilo hilo, alichaguliwa kuwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati. Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi. Waliondoka mwaka 1863. Muda huo mfupi uligeuka kuwa maisha yake yote.

Misheni waliyoiendea ilikuwa imejaa makaburi. Kundi la kwanza lilikwenda mwaka 1861 katika nchi ya mto Shire, ambayo leo ni Malawi. Kiongozi wao, Askofu Charles Mackenzie, alifariki kwa homa mwezi Januari 1862, na wengine wakamfuata. Tozer na Steere walipofika huko waliona kwamba vita, njaa na homa haviruhusu kuendelea. Wakahamia Unguja, na mwisho wa Agosti 1864 wakashuka pwani.

Unguja ya mwaka 1864 ilikuwa na soko la watumwa lililo wazi. Watu walisimamishwa, wakakaguliwa meno na mikono, wakauzwa. Wengi walitoka bara kupitia bandari za Kilwa, Bagamoyo, Saadani na Pangani. Jambo hili halitupiti mbali. Katika nusu ya kwanza ya karne hiyo njaa kali iliikumba nchi ya Wazigua, na watu wengi wa huku kwetu waliuzwa na kuvushwa bahari. Baadhi walifikishwa hadi Somalia, na vizazi vyao bado wanaongea Kizigua kando ya mto Juba hata leo. Baadaye, ufalme wa Usambara ulipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baada ya kifo cha Kimweri, Wasambaa na Wabondei nao walikamatwa na kupelekwa pwani. Steere alipopita kando ya soko lile, huenda baadhi ya waliosimama pale walikuwa bibi na babu za watu wanaokaa leo katika madarasa yetu ya Shule ya Sabato.

Katikati ya ubaya wa namna hiyo, mtu angeweza kusema kwamba huu si wakati wa kuandika sarufi. Angeweza kuona kwamba kukaa mezani na kalamu wakati watu wanauzwa nje ni kukosa huruma. Steere aliona vingine. Aliamini kwamba mtu aliyenyang'anywa nchi, wazazi na jina anastahili kusemeshwa Habari Njema kwa lugha anayoielewa, na kwamba lugha hiyo haiwezi kujulikana bila mtu kuketi na kujifunza. Kwake, kujifunza kwa bidii ilikuwa sehemu ya huruma yenyewe.

Wavulana watano na mtambo mmoja

Shule ya misheni ilianza na wavulana watano. Walikuwa wametolewa katika jahazi la watumwa, na Sultani Majid akawakabidhi kwa Askofu Tozer. Hawakuwa na ndugu mjini, na kila mmoja alikuwa na lugha yake. Steere alikuwa mwalimu wao, nao pia walikuwa walimu wake. Aliwasikiliza wakisema, akaandika, akauliza tena, akasahihisha.

Hakuona aibu kuwa mwanafunzi wa mtu yeyote. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni Mwislamu mwenye heshima kubwa Unguja, alijitolea kumsaidia kwa kuziweka Zaburi katika Kiswahili kilicho safi. Steere aliupokea msaada huo kwa shukrani na kuutaja waziwazi katika utangulizi wa kitabu chake. Alikaa pia na wasimuliaji wa mjini akiandika hadithi zao, hadithi ya Sultani Darai na nyingine nyingi, kama zilivyotoka vinywani mwa wenyewe. Mwaka 1870 vitabu viwili vilitoka London: kimoja cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, kingine cha hadithi hizo. Wageni waliofuata walijifunza lugha yetu kwa vitabu hivyo kwa miongo mingi.

Pamoja na hayo kulikuwa na mtambo wa kuchapa. Steere aliwafundisha wavulana wale kupanga herufi, kupaka wino, kukaza karatasi na kusoma nakala ya kwanza kutafuta makosa. Mtoto aliyewahi kuhesabiwa kama mzigo wa jahazi sasa alisimama mbele ya kisanduku cha herufi akiandaa kurasa za Injili. Kazi ile ilidai uangalifu mkubwa, kwa kuwa herufi moja ikigeuzwa maana inaharibika. Lakini kila ukurasa uliokamilika ulikuwa shule na ibada kwa pamoja.

Hapa ndipo tulipo na deni sisi wa Korogwe. Mwaka 1867 mtambo ule wa Unguja ulitoa kijitabu kidogo cha mkusanyo wa maneno na sarufi ya Kisambaa. Mwaka uliofuata misheni ilianza Magila, katika nchi ya Wabondei, upande wa Muheza ya sasa. Yaani kabla kengele ya shule haijalia upande wetu, kuna mtu aliyekuwa ameketi mbali, katika joto la Unguja, akimwuliza Msambaa mmoja baada ya mwingine jina la kila kitu. Baadaye alifanya kazi ya namna hiyo kwa Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde. Lugha ambazo wakubwa wa dunia waliziona hazina faida, yeye aliziandika kwa uangalifu ule ule ambao wenzake waliutumia kwa Kigiriki na Kiebrania.

Danieli na wenzake watatu walichukuliwa mateka wakiwa vijana, wakaingizwa shule ya kigeni katika nchi iliyokuwa imeuzingira mji wao. Hawakukataa kusoma wakingoja warudi nyumbani kwanza. Walishika uaminifu wao kwa Mungu mezani na darasani, na Mungu akawapa maarifa na ujuzi (Dan. 1:17). Nabii Yeremia naye aliwaandikia mateka wale kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea mema mji waliomo (Yer. 29:5–7). Uhamisho ulikuwa wa miaka 70. Ambaye angengoja uishe ndipo aanze kuishi, angekufa bila kupanda hata mche mmoja.

Jengo lililosimama sokoni

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza. Aliporudi Unguja mwaka 1872 mkewe alibaki huko, na miaka iliyofuata waliishi wametenganishwa na bahari. Tusiupite uchungu huo haraka. Kazi njema ina gharama, na mara nyingine gharama hiyo huangukia pia wale wa nyumbani ambao majina yao hayaandikwi.

Mwaka huo huo wa 1872, mwezi Aprili, tufani kubwa ilipiga Unguja. Mikarafuu iling'olewa kwa maelfu, vyombo vikazama bandarini, na majengo ya misheni yakaharibiwa. Mwaka uliofuata Askofu Tozer alijiuzulu kwa sababu ya afya. Kwa muda Steere alibaki karibu peke yake, akiwa na shule, mtambo, wagonjwa na madeni.

Ndipo, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Eneo lile likabaki wazi. Kasisi kijana, Arthur West, alinunua sehemu yake kwa fedha zake mwenyewe, na mfanyabiashara Mhindu aitwaye Jairam Senji akatoa sehemu nyingine bure. Siku ya Krismasi mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale. West hakuliona likiisha, kwa maana alifariki mwaka 1874.

Mwaka huo wa 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu huko London. Ndugu zetu watakumbuka kwamba ndio mwaka ambao J. N. Andrews alivuka bahari kwenda Ulaya akiwa mmisionari wa kwanza kutumwa rasmi na kanisa letu, na ndio mwaka ambao chuo chetu cha Battle Creek kilifunguliwa. Waasisi wetu nao, wakiwa wachache na wenye fedha kidogo, waliona kwamba kutangaza ujumbe na kujenga shule ni kazi moja.

Askofu Steere aliporudi hakukaa ofisini tu. Alikuwa msimamizi na fundi wa jengo lile. Aliamua paa liwe tao la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wako waliosema litaanguka. Hakuwa na wahandisi wa kumsaidia, kwa hiyo alisoma, akapima, akajaribu, akaendelea. Jengo lilikamilika mwaka 1879, na paa lile lipo hadi leo. Wanaotembeza wageni husimulia pia kwamba kuna nguzo fupi zilizosimamishwa juu chini wakati askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Zipo mpaka sasa. Tunaweza kujifunza hapo kwamba kazi iliyotolewa kwa Mungu haihitaji kuwa haina kosa, na kwamba mkubwa mwenye busara haaibishi mafundi wake kwa nguzo chache.

Katika miaka hiyo hiyo ya ujenzi alitembea kwa miguu hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao, mwaka 1875. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani wakapata makao Masasi. Usiku aliendelea kutafsiri. Mwaka 1879 mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi.

Kazi ya mtumwa na kazi ya mtu huru

Sasa tuulize swali lililo kiini cha somo hili. Watu waliosimamishwa katika soko lile walikuwa wafanyakazi hodari. Waliuzwa kwa sababu walikuwa na nguvu. Walilima mashamba ya karafuu, walibeba pembe, walikata kuni. Basi kama kazi ni ibada, je, kazi yao ilikuwa ibada kwa yule aliyewanunua na kuwatumikisha? Hapana. Kumtumikisha mtu kwa nguvu ni dhambi, na Mungu aliyesikia kilio cha Israeli Misri hakukipokea kilio kile kama sadaka.

Kutoka sura ya 31 inatusaidia. Sehemu ya kwanza inamwita Bezaleli kwa kazi. Mara baada ya hapo, pasipo kuvuta pumzi, Mungu anazungumza juu ya Sabato (f. 12–17). Hata kazi takatifu ya kujenga hema ilipaswa kusimama siku ya saba. Na katika Kumbukumbu la Torati sababu ya Sabato inatajwa wazi: Israeli walikuwa watumwa Misri, kwa hiyo mtumishi wao naye apumzike kama wao (Kum. 5:14, 15). Mtumwa wa Farao hakuwa na Sabato. Kinachotofautisha kazi ya mtumwa na kazi ya mwabudu ni kwamba mwabudu anaweza kuiweka chini. Anaitoa mikononi mwake kwa hiari, siku sita, kisha anaacha, kwa kuwa Bwana wake si mnyapara.

Kwa hiyo Sabato haizigawi siku zetu kuwa za Mungu na zisizo za Mungu. Inazitakasa zote saba. Siku ya saba inakiri kwamba mimi si mali ya kazi yangu. Siku sita zinakiri kwamba kazi yangu ni mali ya Mungu. Amri ya nne ina sehemu zote mbili, nasi mara nyingi tunahubiri moja tu.

Na jambo hili linamgusa mwajiri kama linavyomgusa mwajiriwa. Paulo aliwaandikia watumwa wa Kolosai kwamba wakifanya kazi wanamtumikia Kristo, na hakuishia hapo. Aliwageukia mabwana akawaagiza watende haki, kwa kuwa wao nao wana Bwana mbinguni (Kol. 3:22–4:1). Yakobo anasema ujira uliozuiwa unalia, na kilio hicho kimefika masikioni mwa Bwana (Yak. 5:4). Mshiriki anayemchelewesha kibarua wake ujira kisha akamwambia kazi ni ibada, ametumia neno la Mungu kama kamba ya soko lile.

Mwisho wa safari

Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya madhabahu, katika ardhi iliyokuwa soko. Hakuona nyakati nzuri. Wiki chache baada ya kifo chake, kijiji cha Masasi alichosaidia kukianzisha kilivamiwa na Wangoni, na baadhi ya watu walichukuliwa mateka. Biashara ya watumwa iliendelea kwa siri kwa miaka mingi. Kama angepima maisha yake kwa jinsi hali ilivyokuwa siku ile, angesema ameshindwa.

Lakini kazi ya mezani ilibaki. Tafsiri yake ya Agano Jipya ilikuwa imekamilika, na Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1903 wamisionari wetu wa kwanza, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipofika Giti kule Upare, walikuta Kiswahili chenye Maandiko yaliyochapwa na vitabu vya kujifunzia. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha Ellen White juu ya elimu, kinachofundisha kwamba mwili, akili na roho hukuzwa pamoja. Tafsiri ya Umoja iliyotoka mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekaririshwa mafungu yake tangu utoto, ilijengwa juu ya kazi ya wale waliotangulia, na Steere yumo miongoni mwao. Aliyepanda hakujua nani atavuna.

Kwetu Ngombezi

Mhubiri anatuonya kwamba anayeangalia upepo hatapanda (Mhu. 11:4). Upepo upo daima. Kizazi cha babu zetu kilikuwa na njaa na wateka watu, sisi tuna ukame, ada na bei. Kama shida ni sababu ya kuacha kujifunza, basi hakuna kizazi kilichowahi kuwa na ruhusa ya kusoma.

Kwa hiyo kijana anayesoma kwa taa ya simu baada ya kuchota maji hajachukua muda wa Mungu, ikiwa anasoma ili awatumikie wengine. Mama anayekata mkonge kwa uaminifu hakuikosa ibada siku hiyo. Aliitoa kwa mikono yake tangu alfajiri, na dua fupi akiwa njiani inatosha kuitia muhuri. Mzee ambaye hakupata nafasi ya shule anaweza bado kukaa na mjukuu wake ajifunze herufi, kama askofu yule alivyokaa na wavulana wa jahazi akijifunza maneno. Na kila mmoja wetu, jioni ya Ijumaa jua linapozama, anaweza kuweka chini jembe, kalamu au chano cha biashara, akimwambia Bwana kwamba kazi hii ilikuwa yako, na mimi pia ni wako.

Maswali ya Kujadili

1. Katika familia yako, ni nini huachwa kwanza shida zinapokuja: kujifunza, maombi, au kazi ya uangalifu? Kwa nini kinaachwa hicho?

2. Soma Kut. 31:1–17. Kuna uhusiano gani kati ya wito wa Bezaleli na amri ya Sabato inayofuata? Unabadilishaje namna unavyoiona Jumatatu yako?

3. Steere alikubali kufundishwa na watoto waliokombolewa na mwanachuoni wa dini nyingine. Je, kuna watu katika jamii yetu ambao tunaweza kujifunza kwao lakini kiburi kinatuzuia?

4. Soma Kol. 3:22–4:1 na Yak. 5:4 pamoja. Darasa lenu lingemsaidiaje mshiriki anayefanya kazi kwa uaminifu lakini ujira wake unacheleweshwa? Na kama anayechelewesha naye ni mshiriki?

5. Kazi yenye thamani iligharimu pia nyumba ya Steere. Tunawezaje kumtumikia Mungu kwa bidii bila kuwaumiza walio wetu?

6. Kama darasa, chagueni jambo moja la kujifunza au la kufundisha robo hii, kwa mfano kumfundisha mtu mzima mmoja kusoma Biblia, na panga nani atafanya nini kabla ya Sabato ijayo.